Kutoka Malindi hadi Tusome: Jinsi Kenya Ilivyojifunza Upya Kufundisha Kusoma

Mwaka 2007, katika shule kadhaa za msingi za wilaya ya Malindi, watoto wa darasa la pili waliitwa mmoja mmoja, wakaketishwa mbele ya mtu mzima aliyeshika saa ya kupimia sekunde, wakapewa karatasi. Ya kwanza ilikuwa na herufi zilizochanganywa bila mpango. Nyingine ilikuwa na maneno. Nyingine ilikuwa na kisa kifupi, na baada ya kisa yalifuata maswali machache ya kujibiwa kwa mdomo. Kusoma kulipewa dakika moja tu. Mtoto aliyekwama tangu mstari wa kwanza hakulazimishwa kuendelea. Alishukuriwa, akarudi darasani kwao.

Kipimo hicho kiliitwa EGRA. Wataalamu wa RTI, shirika la utafiti la Marekani, walikuwa wamekiunda muda mfupi tu kabla ya hapo, na Malindi ikawa miongoni mwa sehemu za mwanzo duniani kukitumia. Kilifika Pwani kupitia mradi wa Wakfu wa Aga Khan ulioshughulikia elimu ya watoto wa maeneo yaliyoachwa nyuma. Upya wake ulikuwa katika ile dakika. Mtihani wa kawaida huangalia kama mtoto amejibu sawa. Huu uliangalia pia anasoma kwa wepesi gani, kwa sababu anayehangaika na kila silabi hufika mwisho wa sentensi akiwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Akili yake yote imeishia kwenye herufi, na hakuna iliyobaki ya kushika maana.

Watoto wa Malindi walisoma, kwa wastani, kama maneno kumi kwa dakika. Ilikuwa hivyo kwa Kiingereza na karibu hivyo hivyo kwa Kiswahili. Kwa mwendo huo, kisa cha maneno 60 kingewachukua dakika sita, kama wangeweza kukimaliza. Wengine hawakusoma hata neno moja. Na kati ya walioweza kutamka maneno ya Kiingereza, wengi hawakuelewa walichokuwa wakitamka. Hawa walikuwa watoto waliohudhuria shule kwa karibu miaka miwili, mbele ya walimu waliosomea ualimu na kuajiriwa na serikali.

Kuelewa ilikuwaje, inabidi kurudi Januari 2003. Serikali mpya ya Mwai Kibaki ilikuwa imeahidi kufuta karo za shule za msingi, na ilipotimiza ahadi hiyo, wazazi walifurika kwenye malango ya shule wakiwa wamewashika watoto mikono. Mwaka 2002 shule za msingi za Kenya zilikuwa na wanafunzi takriban milioni 5.9. Mwaka uliofuata walikuwa takriban milioni 7.2. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya vitabu na vifaa. Mwaka 2004 Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo mjini Eldoret, na dunia nzima ikamjua. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Katika furaha ile, wachache waliuliza kama watoto walioketi naye kwenye madawati walikuwa wakifundishwa jambo lile lile lililomleta.

Ufundishaji wa kusoma katika madarasa mengi ya wakati huo ulikuwa hivi: mwalimu huandika sentensi ubaoni, huisoma akielekeza kwa fimbo, darasa huitikia kwa pamoja, mara ya kwanza, mara ya tatu, mara ya tano. Kisha watoto huinakili daftarini. Sera iliruhusu kitabu kimoja kwa watoto watatu katika madarasa ya chini, na palipo na uhaba walikigombea wengi zaidi. Sauti ya darasa zima humficha mtoto. Wenye kujua husoma, wasiojua hufuata midomo ya wenzao, na aliyekariri sentensi ya leo huitamka bila kutazama ubao. Katika darasa la watoto 80 mwalimu angeweza kumaliza muhula bila kumsikia mtoto fulani akisoma peke yake hata mara moja.

Simlaumu mwalimu huyo. Chuo cha ualimu kilimwandaa kwa miaka miwili kufundisha masomo yote ya shule ya msingi, na hatua za kumfikisha mtoto wa miaka sita kutoka kwenye sauti hadi neno zilipata nafasi ndogo kati ya mambo mengine mengi. Aliporudi darasani alifundisha kama alivyofundishwa yeye.

Kenya, hata hivyo, haikuwa ngeni kwa mafunzo yaliyopangwa hatua kwa hatua. Katika vyuo vya Kurani vya Pwani, kwa karne nyingi, mtoto alianza na herufi moja moja, akaziunganisha na irabu zake, akahijai, ndipo akapewa aya. Na mwalimu alimsikiliza kila mmoja kwa zamu. Mwaka 1957 serikali ya kikoloni ilifungua mjini Nairobi kituo maalumu cha kutunga njia mpya za kufundishia Kiingereza. Kazi ilianza katika shule za watoto wa Kiasia, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mpango uliozaliwa hapo, ulioitwa New Primary Approach, ukaingia katika shule za Waafrika. Ulikuja na vitabu vya watoto, miongozo ya mwalimu iliyoeleza kila somo, na wasimamizi waliozunguka madarasani. Madarasa ya mwanzo yalifanya vizuri. Baada ya uhuru, tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na kila wilaya ikautaka mpango huo kwa haraka. Ulisambaa kwa kasi kuliko walimu walivyoweza kufunzwa na kuliko wasimamizi walivyoweza kuzunguka. Likabaki jina, na vitabu vikachakaa. Wale walioandika mipango ya kusoma nusu karne baadaye walikuwa na somo hili mbele yao, kama wangetaka kulitazama.

Malindi wenyewe walijaribu tiba baada ya kipimo. Walimu wa baadhi ya shule zilizopimwa walipewa mafunzo mafupi ya kufundisha sauti za herufi, silabi na ufahamu, pamoja na mipango ya masomo. Watoto wao waliendelea vizuri. Lakini hata shule zilizowekwa kando ili zilinganishwe nazo ziliendelea, na watafiti walipochunguza walikuta kwamba mbinu zilikuwa zimevuka mipaka ya jaribio. Kwa mtafiti hilo liliharibu hesabu. Kwangu mimi ndiyo habari njema kuliko zote za Malindi: walimu walikuwa na kiu ya kuambiwa namna ya kufanya kazi hii, na waliposikia kuna njia hawakungoja waraka.

Wakati huo wananchi wenyewe walikuwa hawajaambiwa lolote. Hilo lilibadilika mwaka 2009, shughuli ya Uwezo ilipoanza Kenya, Tanzania na Uganda kwa kuiga mfano wa shirika la Pratham la India. Vijana wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba siku za mapumziko, wakawapa watoto herufi, maneno, aya na hadithi ya kiwango cha darasa la pili, mbele ya wazazi wao. Mzazi aliyeuza mbuzi kununua sare alimwona kwa macho yake mtoto wa darasa la nne akikwama kwenye aya. Ripoti za Uwezo Kenya zilirudia mwaka baada ya mwaka kwamba katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioweza kazi ya darasa la pili. Magazeti yaliandika, wabunge walisema, na wizara ya elimu haikuweza tena kulichukulia tatizo hili kuwa la mkoa fulani maskini.

Jibu la wizara lilianza mwaka 2011, likiitwa PRIMR, mpango wa majaribio wa kusoma na hisabati uliogharimiwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, na baadaye pia na Uingereza, na kuendeshwa na RTI. Uliingia Nairobi, Kiambu, Nakuru na Kisumu, kisha Bungoma na Machakos. Kanda za shule zilichaguliwa kwa kura: nyingine zianze mapema, nyingine zingoje na kupimwa kwa kulinganisha. Miradi mingi ya elimu hukabidhi vitabu, hupiga picha na kuondoka. Huu ulikubali kupimwa hadharani, na ukajiuliza maswali ambayo majibu yake yangeweza kuuaibisha.

Somo lenyewe lilikuwa hivi. Ni dakika 30, kila siku, na kila mtoto ana kitabu chake mwenyewe. Mwalimu anaanza na sauti. Anaonyesha herufi m na kuitamka sauti yake, si jina lake. Kwanza anafanya yeye peke yake watoto wakimsikiliza. Kisha anafanya pamoja nao. Kisha anawaachia wao, na anaita mmoja, na mwingine, na yule aliyeinama nyuma. Sauti m inakutana na a, inakuwa silabi ma. Ma na ma zinakuwa mama. Kutoka kwenye neno wanaingia kwenye sentensi, kisha kisa kifupi kilichotungwa kwa silabi walizokwisha kujifunza, ili asiwepo wa kubahatisha. Kabla ya kusoma wanatazama picha na kubashiri kitakachotokea. Baada ya kusoma wanaulizwa kama walibashiri sawa. Kidole kinafuata maneno. Mwalimu anazunguka kati ya madawati akisikiliza. Kesho sauti inayofuata iko kwenye ukurasa unaofuata, na mwalimu wa Machakos na wa Bungoma wanajua ni ipi.

Kiswahili kinaipokea njia hii kwa urahisi wa pekee. Irabu ni tano na hazibadiliki, na mtoto aliyezishika silabi anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Ugumu unabaki kwenye herufi zinazoambatana, kama ng', dh na gh, na kwenye urefu wa maneno, kwa kuwa neno moja hubeba viambishi vya mtendaji, wakati na mtendwa. Kwa sababu hiyo, Baraza la Mitihani la Kenya na wataalamu walipoweka viwango vya darasa la pili walitaka maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Kiingereza kina taabu zake nyingine, na kwa mtoto wa kijijini ni lugha ya tatu. Hata hivyo, watoto wengi waliutamka ukurasa wa Kiingereza kwa kasi zaidi kuliko wa Kiswahili, huku wakiuelewa zaidi ule wa Kiswahili. Walikuwa wamefundishwa kukithamini Kiingereza zaidi ya walivyokijua.

Majaribio mawili ya PRIMR yanastahili kukumbukwa na kila anayegawa fedha za elimu. La kwanza liligawa shule katika makundi. Kundi moja lilipata mafunzo ya walimu na ziara za wakufunzi peke yake. La pili lilipata hayo pamoja na kitabu kwa kila mtoto. La tatu lilipata yote hayo pamoja na mwongozo wa mwalimu wenye somo la kila siku. Mafunzo na ziara peke yake hayakuleta tofauti ya maana katika usomaji wa watoto. Kundi la tatu ndilo lililosonga mbele zaidi, na kwa kuwa mwongozo mmoja hutumikia darasa zima, gharama yake ukiigawa kwa watoto ni ndogo mno. Tumezoea kuwaita walimu semina, kuwalisha chakula cha mchana, kuwapa vyeti na kuwarudisha darasani mikono mitupu. Jaribio hili lilionyesha kwamba semina ya namna hiyo haimfikii mtoto.

Jaribio la pili lilifanyika Kisumu. Shule nyingine walimu wao walipewa vishikwambi. Nyingine watoto walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Na kwingine vishikwambi walipewa wakufunzi tu, wale wanaozunguka kuwatazama walimu. Watoto wa makundi yote walisoma karibu sawa. Watoto waliopewa vifaa hivyo vilivyogharimu fedha nyingi hawakuwapita wenzao waliokuwa na vitabu vya karatasi. Wakati huo huo siasa za Nairobi zilikuwa zimejaa ahadi ya mwaka 2013 ya tarakilishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Waliotunga hatua iliyofuata walichukua njia ya bei nafuu: kishikwambi kwa mkufunzi, kitabu kwa mtoto.

Hatua hiyo ni Tusome. Januari 2015 vitabu vilianza kufika katika shule za msingi za umma, takriban 23,000, kutoka Mandera hadi Lungalunga, pamoja na shule za binafsi za ada nafuu zipatazo 1,500 katika mitaa ya mijini. Darasa la kwanza na la pili yalianza, baadaye likaongezwa la tatu. Hakukuwa tena na shule za kulinganisha, kwa sababu zote zilikuwamo. Hapa ndipo New Primary Approach ilipoanguka miaka ya sitini, katika kutoka kwenye mamia ya shule na kwenda kwenye maelfu.

Kilichotofautisha safari hii, kwa maoni yangu, ni yule mkufunzi. Vituo vya ushauri wa walimu vilikuwapo miaka mingi, na wakufunzi wake walikuwa waajiriwa wa serikali, lakini kazi zao zilikuwa zimegeuka kuwa kubeba fomu, kusimamia mitihani na kuandaa michezo. Mwalimu akimwona mlangoni alidhani amekuja kukagua. Tusome ilichukua maafisa hao hao, zaidi ya elfu moja, ambao Tume ya Huduma za Walimu iliwapa jina jipya la maafisa wa kusaidia mtaala, ikawafunza somo lile lile walilofunzwa walimu, ikawapa kishikwambi na nauli. Afisa aliketi nyuma ya darasa somo zima, akajaza anachokiona, na mwisho akawaita watoto watatu wamsomee kwa dakika moja. Kisha yeye na mwalimu waliketi kuzungumza: sauti hii uliitamka kwa jina la herufi, watoto wa upande wa dirisha hukuwaita. Kishikwambi kilirekodi mahali na saa, na nauli ilitegemea ziara iliyofanyika kweli. Taarifa zilipanda hadi makao ya kaunti na wizarani, ambako mkurugenzi aliweza kuona kaunti ipi walimu wake wametembelewa na watoto wake wanasomaje. Kwa mara ya kwanza katika historia ya elimu ya Kenya, jambo lililosomwa na mtoto wa darasa la pili liliweza kujulikana Nairobi ndani ya siku chache.

Mwaka 2016 wapimaji huru wasio wa mradi walirudi madarasani. Kabla ya Tusome, kama theluthi moja tu ya watoto wa darasa la pili walifikia kiwango cha chini cha kusoma Kiingereza. Sasa walikuwa karibu theluthi mbili. Walioshindwa kusoma hata neno moja walishuka kutoka takriban asilimia 38 hadi takriban asilimia 12. Kiswahili nacho kilipanda. Ni nadra kuona mpango wa nchi nzima ukitoa matokeo ya namna hiyo, na mataifa mengine yalianza kutuma wajumbe kuja kutazama. Tanzania kwa njia yake ilikuwa imechukua mwelekeo wa karibu: mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili uliweka sehemu kubwa ya muda wa shule kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na baadaye mradi wa Tusome Pamoja ukafanya kazi Iringa, Morogoro, Mtwara, Ruvuma na Zanzibar.

Wapo waliosema, na wanasema hadi leo, kwamba mwongozo unamgeuza mwalimu kasuku. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa ushahidi. Watafiti waliolinganisha miongozo ya nchi nyingi za kusini mwa dunia, akiwemo Benjamin Piper aliyeongoza kazi ya PRIMR na Tusome, walikuta kwamba ile inayomwandikia mwalimu kila neno la kutamka huleta matokeo hafifu kuliko ile inayompa mpango wa somo na kumwachia nafasi. Na walimu wazuri wa Tusome hawakusoma mwongozo mbele ya watoto. Walishika hatua zake, lakini waliacha mfano usiofaa wakachukua wa kijijini kwao, wakarudi nyuma siku moja darasa lilipozubaa. Kinachomdhalilisha mwalimu ni kumwachia watoto 80, ubao na chaki, kisha kumlaumu mtihani unapofika.

Ukweli mwingine lazima usemwe: theluthi moja ya watoto ilibaki chini ya kiwango hata katika mwaka wa mafanikio. Kisha ikaja Machi 2020. Shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na ingawa baadhi ya madarasa yalirudi Oktoba, watoto wa madarasa ya mwanzo walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Aliyekuwa ameanza kuunganisha silabi alizikosa kwa zaidi ya miezi tisa, na katika nyumba nyingi hakukuwa na kitabu cha kumkumbusha. Mtaala mpya wa umilisi nao ulikuwa ukisonga mbele wakati huo huo, na vitabu vyake, masomo yake mapya na makabiliano yake ya kisiasa. Kusoma, lililokuwa jambo la kwanza, likawa jambo moja kati ya mengi.

Mradi wa Tusome ulifikia kikomo chake na kazi ikakabidhiwa wizara na tume ya walimu, kama ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Julai 2025 shirika la USAID lenyewe lilifungwa, na wafadhili wa Marekani waliolipia uchapishaji wa mwanzo na nauli za maafisa hawapo tena. Walimu waliofunzwa bado wako madarasani, na maafisa bado ni waajiriwa wa umma. Kinachohitajika sasa ni vitabu vipya kila vinapochakaa, mafunzo kwa mwalimu mpya anayepangiwa darasa la kwanza, na mafuta ya pikipiki ya afisa ili afike shule ya mwisho wa barabara angalau mara chache kila muhula. Hesabu yake ni ndogo ukiilinganisha na vishikwambi vya watoto au majengo ya kuzinduliwa kwa utepe. Naisihi wizara iiandike kwenye bajeti kwa jina lake, kila mwaka, na wabunge wa kamati ya elimu waulize ziara ngapi zimefanyika na watoto watatu wa kila darasa wamesoma maneno mangapi.